Mafuta ya nazi ya moto na ya baridi: mama anywe yapi?

*"Mimi ni mzaliwa wa Pangani, sasa naishi Dodoma. Bibi alinifundisha kutengeneza mafuta ya nazi kwa kuchemsha tui, na kwa miaka minne nimekuwa nikiuza chupa chache kwa majirani na kazini. Mwaka jana nilikwenda kwenye mafunzo ya ujasiriamali. Mwalimu akatuambia mafuta ya kuchemsha yamekufa, hayana kazi mwilini, dawa ni yale 'bikira' ya baridi tu, tena hayo hayaingii kwenye damu, yanakwenda moja kwa moja kwenye ini kuwa nguvu. Nikabadilisha, sasa nalaza tui lijitenge lenyewe. Lakini yangu ya baridi yananuka baada ya wiki tatu, na msimu huu yanaganda mpaka wateja wanadai nimechanganya. Kubwa zaidi ni mama. Ana miaka 66, ana kisukari na presha, na kliniki walimwanzishia atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli. Tangu nilipomletea habari hizi anakunywa vijiko vitatu vikubwa vya mafuta kila asubuhi, na dawa hiyo ameiacha, huu mwezi wa pili. Binti ya mdogo wangu, miezi kumi, ana ukurutu na tunampaka mafuta hayohayo. Mama aendelee? Na mimi nirudi kwenye njia ya bibi, au nikaze na hii ya baridi?"*

Dada yangu, umeanza na biashara ukamalizia na mama. Mimi nitaanza na mama, maana nazi inaweza kusubiri.

Kazi yangu ni sayansi ya chakula. Kumwandikia mama dawa si kazi yangu, na kumwachisha pia si yangu, wala si ya mwalimu wa ujasiriamali. Ila hili najua: mtu wa umri wake mwenye kisukari na presha hapewi statini (jamii ya dawa hiyo ya atorvastatini) kwa sababu ya namba moja tu iliyotoka juu kwenye kipimo. Anapewa kwa kuwa magonjwa hayo mawili yakikaa pamoja huchakaza kuta za mishipa ya moyo na ubongo kimyakimya, na dawa hiyo imethibitika kupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu kama yeye. Mafuta ya nazi, ya moto au ya baridi, hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba yanafanya hivyo. Kwa hiyo arudi kliniki wiki hii hii, asingoje tarehe yake. Abebe boksi la dawa na chupa ya mafuta, na aseme ukweli wote: ameacha lini, anakunywa kiasi gani. Na kama aliiacha kwa sababu misuli ilikuwa inamuuma, kisha habari ya nazi ikaja kama kisingizio kizuri (hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri), aliseme pia. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina. Akibanwa na kifua, akatokwa na jasho la baridi, akakosa pumzi, au mdomo ukapinda na mkono mmoja ukakosa nguvu, hapo hakuna kliniki wala miadi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Sasa vile vijiko vitatu. Kijiko kimoja kikubwa kina gramu 14 hivi za mafuta, na karibu gramu 12 kati ya hizo ni mafuta yaliyoshiba, yaani jamii ile inayoganda kama siagi na samli. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku. Kwa anayekula kalori 2000, hiyo ni kama gramu 22. Mama yako kabla hajagusa chai ameshameza gramu 36, pamoja na kalori zipatazo 360 ambazo hakuna chakula alichopunguza ili kuzipa nafasi. Mtu mwenye kisukari akiongeza mzigo huo kila asubuhi kwa miezi miwili, mara nyingi huongezeka uzito, na uzito ukipanda sukari nayo huwa ngumu kuishika.

Lakini mwalimu alisema hayaingii kwenye damu. Hapa niende taratibu, kwa sababu uongo huu umejengwa juu ya ukweli kidogo, na ndiyo maana unauzika.

Mafuta yoyote unayokula ni asidi za mafuta tatu tatu zilizofungwa kwenye kishikizo kimoja. Asidi hizo ni kama shanga kwenye uzi, nyingine fupi, nyingine ndefu. Zenye kaboni 8 na 10 ni fupi kiasi kwamba utumbo huziachia zipite kwenye mshipa unaokwenda ini moja kwa moja, na huko huchomwa upesi kuwa nguvu. Huo ndio ukweli wa mwalimu. Ila asidi kuu ya nazi si hizo. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12. Kwenye vitabu vya kemia huwekwa kundi moja na zile fupi, lakini ikifika tumboni sehemu yake kubwa hufuata njia ya zile ndefu: hufungashwa kwenye vifurushi vidogo vya mafuta, hupitia mishipa ya limfu, kisha humwagwa kwenye damu kama mafuta mengine. Zile fupi kweli kweli, za kaboni 8 na 10, hazifiki hata moja ya tano ya chupa yako.

Mtafiti Marie-Pierre St-Onge wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alifanya majaribio ya kupunguza uzito kwa mafuta yaliyotengenezwa maabara yakiwa na asidi hizo fupi tupu. Matokeo yake yakachukuliwa na wauzaji wa mafuta ya nazi yakabandikwa kwenye chupa zao, na yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba hakujaribu mafuta ya nazi. Ni sawa na mtu kupima nguvu ya asali, halafu muuza miwa akatangaza majibu kuwa ni ya kwake.

Kwenye damu za watu kimeonekana nini? Mwaka 2020 jarida la Circulation lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 16. Watu waliokula mafuta ya nazi, wakilinganishwa na waliokula mafuta ya mimea kama alizeti, soya au zeituni, LDL yao, ile tunayoiita kolesteroli mbaya, ilikuwa juu kwa takriban miligramu 10 kwa desilita. HDL, ile nzuri, nayo ilipanda, kwa miligramu 4. Wauzaji husoma hiyo ya 4 kwa sauti kubwa na ile ya 10 kimoyomoyo. Kupanda kwa HDL kwa sababu ya chakula hakujathibitika kumlinda mtu. Kupanda kwa LDL kunajulikana wazi kinachofanya.

Nisiegemee upande mmoja. Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge waliwapa watu wapatao 90 wenye afya njema gramu 50 kwa siku za siagi, zeituni au nazi bikira kwa wiki 4. Siagi ilipandisha LDL. Nazi ilikaribiana na zeituni. Ni jaribio la kweli, lilifanywa vizuri, na silifichi. Ila lilikuwa la mwezi mmoja, kwa watu wasio na kisukari wala ugonjwa wa moyo, na majaribio mengine mengi yanavuta upande ule mwingine. Ninavyousoma ushahidi wote, nazi ina nafuu kuliko siagi, na ipo nyuma ya alizeti na zeituni. Mama yako hakuwa anakunywa siagi asubuhi, kwa hiyo kwake hiyo nafuu haipo.

Utaambiwa pia habari za watu wa visiwani Pasifiki. Ni kweli: utafiti wa mwaka 1981 ulikuta watu wa Tokelau wanapata zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao kutoka kwenye nazi, na ugonjwa wa mishipa ulikuwa adimu. Lakini walikula nazi yenyewe, nyama yake na tui lake, pamoja na samaki na mashelisheli, sukari kidogo sana, na kazi zao zilikuwa za mwili. Hakuna aliyekuwa anakunywa vijiko vitatu vya mafuta matupu akapanda daladala. Na kolesteroli ya Watokelau hao ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa Pukapuka, kisiwa kingine cha Pasifiki, waliokula nazi pungufu kuliko wao. Kipande hicho hakisimuliwi.

Kwa hiyo mama aache kunywa mafuta. Wali wake wa nazi na samaki wa kupaka asinyang'anywe. Tui la nazi moja likigawanywa kwa watu sita, kila sahani inapata mafuta kama kijiko kimoja au pungufu, tena siyo kila siku. Huko ndiko nazi ilikokaa miaka yote pale kwenu Pangani, kwenye chungu. Kama atapenda kupikia mafuta yako siku mojamoja, sawa, mradi yachukue nafasi ya mafuta mengine, yasiongezwe juu yake.

Nije kwenye sufuria ya bibi, na hapa nakiri nina upendeleo: mimi nipo upande wake.

Neno "bikira" kwenye mafuta halina maana ya kutoguswa na moto. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula ambavyo nchi nyingi huviegemea, vinasema mafuta bikira ni yale yaliyopatikana kwa njia za kukamua na kutumia joto tu, bila kubadili asili ya mafuta, kisha yakasafishwa kwa maji, kwa kutuama, kuchuja au kuzungushwa mashineni. Joto linaruhusiwa. Jina lisiloruhusu joto ni "ya kukamuliwa baridi". Tofauti kubwa ipo kwenye mafuta ya mbata ya kiwandani: nazi imekaushwa juani au juu ya moshi, wakati mwingine ikaota ukungu, mafuta yake hutoka ya njano yenye harufu nzito, ndipo hupunguzwa asidi, hupaushwa kwa udongo maalumu na kuondolewa harufu kwa mvuke wa digrii 200 na zaidi. Ya bibi yametoka kwenye nazi mbichi iliyokunwa asubuhi. Hayo mawili usiyaweke kapu moja.

Tena sikiliza sufuria yenyewe. Kasimile, lile tui zito la kwanza, ikiwa bado ina maji, joto lake haliwezi kupita sana digrii 100, hata ukipuliza mkaa vipi, kwa sababu maji yanalichukua joto yakiondoka nalo. Ndiyo ule mvumo mzito wa kutokota. Maji yanapokaribia kwisha sauti hubadilika, inakuwa nyembamba, kama mvua inayokatika juu ya bati, na mashapo yanaanza kushika rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo pa kuipua. Ukiendelea, joto linaruka haraka, mashapo yanaungua, mafuta yanashika rangi na harufu ya kuungua. Asidi ya lauriki ya digrii 100 ni ileile ya digrii 30, haifi.

Jambo ambalo mwalimu wako huenda lingemshangaza: watafiti wa Chuo Kikuu cha Kelaniya, Sri Lanka, walilinganisha mafuta ya kuchemsha na ya baridi mwaka 2009, wakakuta yaliyochemshwa yana viambata vya fenoliki vingi zaidi, vile vinavyozuia mafuta yasiharibike. Sababu ni rahisi. Viambata hivyo vinapenda kukaa kwenye maji ya tui. Ukitenga kwa baridi, unavimwaga pamoja na maji. Ukichemsha, maji yanakwenda hewani, vyenyewe vinabaki sufuriani na sehemu yake inaingia kwenye mafuta. Zile habari za nazi bikira kushusha kolesteroli kwa sababu ya viambata hivyo nyingi zimetokana na majaribio ya panya, yakiwemo ya Chuo Kikuu cha Kerala, India, ya mwaka 2004. Panya wakishaanza kwenda kliniki ya kisukari tutazitumia.

Mbona basi yako ya baridi yananuka? Nadhani ni Dodoma. Tui ni matone ya mafuta yaliyofunikwa na ngozi nyembamba ya protini, ndiyo maana hayaungani. Ukililaza, bakteria wa uchachu wanatengeneza asidi, ile protini inaganda kama mtindi, matone yanakosa koti, yanaungana na kupanda juu. Kazi hiyo inakwenda vizuri kwenye nyuzi joto 35 hadi 40, kwa saa 16 hadi 24. Pangani, mwezi wa pili, jikoni peke yake panatosha karibu. Dodoma usiku wa Juni unashuka hadi digrii 14 hivi. Bakteria wanasinzia, tui halijitengi, nawe, kama ninavyokudhania, unaliacha siku ya pili na ya tatu. Wanaofaidi ni ukungu na vijidudu vingine. Halafu unachota mafuta yaliyoshikana na vipande vya mtindi na maji, unayafunga chupani. Maji hayo, yakisaidiwa na vimeng'enya, yanazikata zile asidi kutoka kwenye kishikizo chake. Lauriki ikiwa huru ina ladha ya sabuni. Onja mafuta yako yaliyoharibika utaitambua.

Jaribu hivi leo: weka kijiko cha mafuta kwenye kikaango kikavu, washa moto mdogo. Yakitatarika, yana maji. Kama bado unaitaka njia ya baridi, kamua tui kutoka nazi zilizokomaa ambazo hazijaanza kuchipua, lilaze ndani ya boksi lililofungwa pamoja na chupa za maji ya moto, ubadilishe chupa zikipoa, na usipitishe siku moja. Chota mafuta safi ya juu tu, yapashe polepole mpaka viputo viishe, yachuje kwa kitambaa kikavu, na chupa iwe imekauka hasa, siyo ya kufutwa kwa kanga. Lakini kama ni mimi, kwa Dodoma na kwa chupa chache, ningerudi kwa bibi. Moto unaua vijidudu na unaondoa maji kwa mkupuo mmoja. Andika kwenye lebo "mafuta ya nazi mbichi, ya kuchemsha tui", usiandike "ya baridi", na usiandike kwamba yanatibu chochote. Kabla hujapanua biashara waone SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango) kuhusu lebo na alama ya ubora.

Mtoto. Hapa mafuta yako yanastahili heshima. Mwaka 2014 huko Ufilipino watoto 117 wenye ukurutu wa kawaida walipakwa nazi bikira au mafuta ya madini, aina ya mafuta mepesi ya mtoto ya dukani, kwa wiki 8. Alama za ukali wa ugonjwa zilipungua asilimia 68 kwa nazi na 38 kwa yale mengine. Jaribio la awali la nchi hiyohiyo, kwa watu wazima, lilionyesha pia inapunguza bakteria wale wa usaha wanaopenda kukaa kwenye ngozi ya ukurutu. Kwa hiyo mpakeni, mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa mafuta mapya yasiyonuka. Mwanzoni jaribuni sehemu ndogo ya mkono kwa siku mbili. Kama daktari alimpa krimu, iendelee. Ngozi ikitoa usaha, mtoto akipata homa, au vikitokea vilengelenge vinavyosambaa haraka, mpelekeni hospitali siku hiyo. Na asidondoshewe mafuta puani akiwa na mafua, hata kama mama zetu walifanya hivyo. Yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia mbaya isiyotibika kirahisi.

Wateja wanaodai umechanganya: mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hadi 25. Chupa ileile ni maji Tanga na ni jiwe jeupe Dodoma mwezi wa saba, na asubuhi ya Arusha nayo ni hivyohivyo. Kuganda si ushahidi wa kuchanganya, na kusema kweli si ushahidi wa usafi pia, maana mafuta mengine nayo huganda. Mteja mgumu mwambie maabara ndiyo inayojua, kwa kupima lauriki, ambayo kwenye nazi safi huwa kati ya asilimia 45 na 53. Wengine watulize kwa kikombe cha maji vuguvugu: tumbukiza chupa mbele yao, ongea nao habari za watoto kidogo, na kabla hamjamaliza salamu itakuwa imeanza kuyeyuka kutoka pembeni kwenda kati.